Mpangilio ni Uamuzi, Usiiachie Hifadhidata

Leo nataka tuzungumzie maneno mawili tu ya lugha ya SQL: ORDER BY. Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya darasa la kwanza, kila mtu anayajua. Ni kweli, kila mtu anayajua. Shida ni kwamba wengi wetu tunayachukulia kama mapambo, kitu cha kubandika mwishoni ili ripoti ipendeze machoni. Maoni yangu ni tofauti na nitayasema mapema. Mpangilio wa mistari inayotoka kwenye hifadhidata ni uamuzi, na mara nyingi ni uamuzi kuhusu nani atapata na nani atakosa. Programu isiyotaja mpangilio wake haijakwepa kuamua. Imeiachia mashine iamue, na mashine huamua kwa kutazama urahisi wake yenyewe.

Kama wewe si mtengenezaji programu, usikimbie. Jina lako limo katika orodha nyingi: wanaosubiri mkopo, walioomba basari, wagonjwa wenye miadi, wanaongoja kuunganishiwa stima. Siku hizi orodha hizo hutoka kwenye hifadhidata, na kuna mtu mahali fulani aliyeandika swali linalozitoa. Namna alivyoliandika inakuhusu.

Jedwali si daftari

Matatizo huanzia kwenye picha tuliyo nayo vichwani. Tukisikia neno "jedwali" tunafikiria daftari la dukani. Aliyekopa Jumatatu yuko juu, aliyekopa Jumanne yuko chini yake, na hakuna anayeweza kuruka mstari bila kuacha alama ya kufutwa. Katika daftari, mpangilio umo ndani ya karatasi yenyewe.

Jedwali la hifadhidata haliko hivyo. Liko kama seti tuliyofundishwa katika hisabati: kitu kimo au hakimo, basi. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho.

Wala hili halikutokea kwa bahati mbaya. Mwezi Juni mwaka wa 1970, Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM kule San Jose, California, alichapisha makala yake maarufu katika jarida la Communications of the ACM akieleza namna ya kuhifadhi data katika mahusiano. Enzi hizo programu nyingi zilitegemea jinsi rekodi zilivyolazwa kwenye diski. Faili ikipangwa upya, programu zinaharibika. Codd alitaja mitego mitatu ya aina hiyo aliyotaka kuiondoa, na wa kwanza kabisa katika orodha yake ulikuwa utegemezi wa mpangilio. Wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walichapisha lugha ya SEQUEL mwaka wa 1974, nayo ndiyo mama wa SQL tunayoitumia hadi leo.

Mapatano ndani ya SQL ni haya: wewe sema unataka nini, hifadhidata itachagua njia ya kukupa. Kwa hiyo ukiandika

SELECT * FROM maombi;

umesema "nipe maombi yote". Hukusema kwa utaratibu gani. Yatakavyotoka ndivyo yalivyotoka, na huna pa kulalamika.

Ghalani kuna nini?

Chukua mfano wa ghala la mahindi. Mbeba mizigo akipokea gunia, hulitupa palipo na nafasi. Ukimwambia atoe magunia yote, ataanza na yaliyo karibu na mlango. Hajali ni la nani wala lilifika lini, na hana sababu ya kujali.

PostgreSQL hufanya kazi karibu hivyo hivyo, na hata jina la Kiingereza la mahali inapoweka mistari maana yake ni lundo. Kuna jambo moja kuhusu lundo hilo ambalo wengi hawalijui. Ukibadilisha mstari kwa UPDATE, PostgreSQL haiufuti ule wa zamani na kuandika juu yake. Huandika nakala mpya mahali pengine penye nafasi, na ile ya zamani hubaki pale hadi ifagiliwe. Nafasi zikishafagiliwa, zinaweza kupewa mistari mipya kabisa. Kwa hiyo mstari wa zamani unaweza kusogea nyuma, na mstari wa jana unaweza kutokea mbele ya wa mwezi jana.

Hayo ni ya kuanzia tu. Tangu toleo la 8.3 la mwaka wa 2008, watu wawili wakisoma jedwali moja kubwa kwa wakati mmoja, yule wa pili anaweza kuanzishwa katikati, pale alipofika mwenzake, ili wasome diski pamoja. Tangu toleo la 9.6 la mwaka wa 2016, kazi moja ya kusoma inaweza kugawanywa kwa wafanyakazi kadhaa, na mistari hutoka kadiri kila mmoja anavyomaliza. Zote mbili ni mbinu safi za kuongeza kasi. Zote mbili huchanganya mpangilio ambao hukuuomba.

Watumiaji wa MySQL nao wasicheke. Jedwali la InnoDB hulazwa kwa kufuata ufunguo wake mkuu, kwa hiyo mara nyingi mistari hutoka ikiwa imejipanga kwa id na mtu akadhani hiyo ni sheria. Siku ambayo hifadhidata itaona ni nafuu kupitia faharasa nyingine, mistari itatoka kwa mpangilio wa faharasa hiyo.

Mwombaji nambari 102

Tuchukue mfano mdogo. Kuna waombaji watano wa basari, nambari 101 hadi 105, waliosajiliwa kwa zamu hiyo. Pesa zinatosha watatu, na kanuni iliyotangazwa ni kwamba anayetangulia kuomba ndiye anayetangulia kupewa. Mtengenezaji akaandika hivi:

SELECT nambari FROM maombi LIMIT 3;

Akajaribu kwenye tarakilishi yake. Ikatoka 101, 102, 103. Safi kabisa. Akafunga kazi akaenda nyumbani.

Kabla ya siku ya kutoa pesa, mzazi wa mwombaji 102 akaja ofisini kusema nambari ya simu iliandikwa vibaya. Karani, kwa wema wake, akairekebisha:

UPDATE maombi SET simu = '...' WHERE nambari = 102;

Sasa endesha swali lile lile katika PostgreSQL. Jedwali zima litatoka 101, 103, 104, 105, 102. Ukikata watatu wa kwanza, wanaopata ni 101, 103 na 104. Mwombaji 102 amepoteza zamu yake kwa sababu nambari yake ya simu ilirekebishwa. Hakuna aliyekula rushwa, hakuna aliyeingilia mfumo, na ukifungua kumbukumbu za makosa hutaona kitu. Mzazi akirudi kuuliza, ataambiwa jibu tunalolisikia kila siku: "Ni mfumo ndio umechagua."

Hapo ndipo ninapokasirika. Mfumo haukuchagua chochote. Haukuambiwa kuna kanuni ya anayetangulia. Neno moja tu lingeulinda uamuzi wa kamati:

SELECT nambari FROM maombi
ORDER BY wakati_wa_kuomba, nambari
LIMIT 3;

Angalia pia kwa nini jambo hili halionekani mapema. Kwenye tarakilishi ya mtengenezaji kuna mistari kumi iliyoingizwa asubuhi ile ile, haijarekebishwa, haijafutwa. Hapo kila kitu hutoka kwa zamu. Kazini kuna maelfu ya mistari, makarani wanaorekebisha kila siku, na nafasi zilizoachwa wazi huku na huku. Majaribio yanapita, watu wanaumia.

"Lakini imekuwa ikifanya kazi miaka yote"

Huu ndio utetezi ninaousikia zaidi, na jibu lake limeandikwa katika historia ya hifadhidata zenyewe. Mazoea yana taabu.

Watumiaji wa Oracle walizoea kwamba GROUP BY huleta matokeo yakiwa yamepangwa. Toleo la 10g R2 la mwaka wa 2005 likaleta njia ya kukusanya bila kupanga, na ripoti nyingi zikavurugika. Mwaka huo huo ikaja SQL Server 2005. Waliokuwa wakificha ORDER BY ndani ya kioo cha data kwa ujanja wa TOP 100 PERCENT wakagundua kwamba toleo jipya linaupuuza mpangilio huo, ingawa lile la 2000 lilionekana kuuheshimu. PostgreSQL 8.4 ya mwaka wa 2009 ikaacha kupanga kila mara kwa ajili ya DISTINCT. MySQL nayo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikipanga matokeo ya GROUP BY bila kuombwa, ikaliacha jambo hilo katika toleo la 8.0 la mwaka wa 2018.

Kila mara ni hadithi ile ile. Hifadhidata nne tofauti, na mazoea yale yale ya kutegemea mpangilio ambao haukuombwa. Tulizoea kupewa lifti na jirani, siku alipobadilisha njia tukasema ametuacha.

ORDER BY peke yake haitoshi

Haya, tuseme umekubali na umeandika ORDER BY. Usikimbilie kufunga kazi bado. Swali la pili ni: mpangilio wako unavunja sare?

Ukipanga kwa safu ambayo mistari kadhaa ina thamani moja, hifadhidata itaheshimu safu hiyo, na kati ya waliofungana itafanya inavyotaka. Leo itamtanguliza huyu, kesho yule.

Niliwahi kuitwa kutazama taarifa za wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Malalamiko yalikuwa kwamba taarifa inaonyesha salio chini ya sifuri kwa watu ambao hawajawahi kuzidisha. Taarifa ilipangwa kwa tarehe tu, bila saa. Fikiria mwanachama mwenye shilingi 200. Asubuhi anaweka 5,000, alasiri anatoa 3,000. Salio linapaswa kusoma 5,200 halafu 2,200. Mistari hiyo miwili ina tarehe moja, kwa hiyo hifadhidata ina ruhusa ya kuanza na wowote. Ikianza na kutoa pesa, salio linasoma -2,800, kisha 2,200. Jumla ya mwisho ni sahihi, lakini mwanachama anaona karatasi inayosema alikuwa na deni. Mtu akienda na karatasi hiyo kuomba mkopo mahali pengine, nani atamwamini?

Wanaotumia SUM(kiasi) OVER (ORDER BY tarehe) wana mtego wao. Kwa kawaida, mistari yote iliyofungana kwa tarehe huhesabiwa pamoja, kwa hiyo yote miwili itaonyesha salio 2,200, kana kwamba ile 5,200 haikuwahi kuwapo. Na kumbuka, ORDER BY iliyo ndani ya OVER ni ya kukokotoa tu. Haisemi lolote kuhusu mpangilio wa mistari inayokufikia. Hiyo unaiandika mwishoni, tena.

Mtego mwingine ni kurasa. Orodha ndefu hukatwa ishirini ishirini kwa LIMIT na OFFSET. Kila ukurasa ni swali jipya. Kama mpangilio hauna kitu cha kuvunja sare, mtu aliyekuwa wa 20 katika swali la kwanza anaweza kuwa wa 21 katika swali la pili. Utamwona mara mbili. Maana yake kuna mwingine ambaye hutamwona kabisa, na huyo ndiye wa kuhurumia, kwa sababu hakuna anayegundua kutokuwapo kwake. Nyaraka rasmi za PostgreSQL zenyewe zinaonya kuhusu jambo hili.

Dawa ya kwanza ni kumalizia kila mpangilio kwa safu isiyojirudia, kwa kawaida ufunguo mkuu. Dawa ya pili, kwa orodha inayobadilika kila dakika, ni kuacha OFFSET na kukumbuka ulipoishia:

SELECT id, tarehe, kiasi FROM malipo
WHERE (tarehe, id) < ('2024-05-10 09:15', 4471)
ORDER BY tarehe DESC, id DESC
LIMIT 20;

Hapa unasema "nipe ishirini wanaofuata baada ya huyu". Mistari mipya ikiingia juu haikusukumi. Tena ni nafuu, maana OFFSET 10000 huilazimisha hifadhidata kusoma mistari elfu kumi na kuitupa.

Lakini tuelewane: kuvunja sare kwa id kunafanya matokeo yawe yale yale kila mara, hakuyafanyi yawe ya haki. Kama wanafunzi watatu wamefungana kwa alama kwenye nafasi ya 50 na basari ni 50, kumpa mwenye id ndogo ni uamuzi wa kamati, haufai kuwa wa mtengenezaji. Kwa hali kama hiyo SQL ina kitu kizuri ambacho hakitumiki vya kutosha:

SELECT nambari, alama FROM maombi
ORDER BY alama DESC
FETCH FIRST 50 ROWS WITH TIES;

Swali hili litaleta 50 pamoja na wote waliofungana na wa mwisho. Ukipata mistari 52, unajua kuna mzozo wa kutatuliwa na watu, mezani, mchana kweupe. PostgreSQL inayo tangu toleo la 13 la mwaka wa 2020, na SQL Server ina TOP pamoja na WITH TIES.

Unapanga kwa kitu gani hasa?

Kuna pia wale waliopanga vizuri kwa safu mbaya. Nambari zilizohifadhiwa kama maandishi zitakupa 1, 10, 11, 2, kwa sababu herufi hulinganishwa moja moja. Tarehe zilizohifadhiwa kama maandishi ya 05/11/2023 zitapangwa kwa siku kabla ya mwaka, na tarehe mosi ya kila mwezi wa kila mwaka itakaa pamoja juu. Hifadhi tarehe kama tarehe. Ukilazimika kutumia maandishi, andika 2023-11-05, mwaka ukitangulia.

Pasipo na kitu, yaani NULL, ni hatari zaidi. Tuseme basari inawalenga wenye mapato madogo, na swali linasema ORDER BY mapato. Wapo walioacha nafasi ya mapato wazi kwenye fomu. MySQL, SQL Server na SQLite zitawaweka hao mwanzo wa orodha. PostgreSQL na Oracle zitawaweka mwisho. Kwa hiyo ofisi ikihama kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, bila mtu kubadilisha hata nukta ya sera, kundi zima la watoto linahama kutoka juu ya orodha hadi chini. Andika wazi NULLS FIRST au NULLS LAST. Katika MySQL, ambayo haina maneno hayo, andika ORDER BY mapato IS NULL, mapato. Afadhali zaidi, uliza kamati inataka kuwafanyia nini wasiojaza.

Halafu kuna majina. Sisi tuna ng' katika majina na maneno yetu. Mtu mmoja akiandika Ng'eno kwa alama iliyonyooka na mwingine kwa ile iliyopinda ambayo simu na programu za kuandikia hupenda kuiweka, kwa macho ni jina moja. Kwa hifadhidata inayopanga kwa thamani za herufi, alama iliyonyooka ni nambari 39, inatangulia herufi zote. Iliyopinda ni 8217, inafuata nyuma ya a hadi z. Familia moja, ncha mbili za kundi la majina yanayoanza na Ng. Safisha majina yanapoingia.

Hata kanuni za kupanga herufi hubadilika. PostgreSQL nyingi kwenye Linux hutumia kanuni za maktaba ya glibc. Toleo la 2.28 la mwezi Agosti mwaka wa 2018 lilibadilisha kanuni hizo. Kwa Kiingereza cha Marekani, "11" ilikuwa ikitangulia "1-1", sasa "1-1" ndiyo inayotangulia. Waliopandisha mfumo wa seva bila kujenga upya faharasa zao walijikuta na faharasa zilizopangwa kwa kanuni ya zamani zikisomwa kwa kanuni mpya. Matokeo yake ni kutafuta mstari uliopo na kuambiwa haupo. Dawa ni REINDEX, na usingoje mtu alalamike. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Gharama je?

Wapo watakaoniambia kupanga kuna gharama. Ni kweli. Kupanga mistari milioni kunakula kumbukumbu, na ikizidi kumbukumbu inaingia diski. Lakini faharasa imekuwapo kwa kazi hiyo hiyo. Ukitengeneza faharasa ya (wakati_wa_kuomba, nambari), swali letu la basari halitapanga kitu. Litatembea kwenye faharasa, lichukue watatu wa mwanzo, lisimame.

Sisemi pia uweke ORDER BY kila mahali. Unahesabu idadi? Hakuna haja. Unajumlisha pesa? Hakuna haja. Unauliza kama kitu kipo au hakipo? Hakuna haja. Ndani ya swali dogo lililo ndani ya swali kubwa, isipokuwa kama unakata kwa LIMIT, ni kupoteza umeme tu. Kipimo changu ni rahisi: kama matokeo yatasomwa na binadamu, au yatakatwa, au yatashughulikiwa moja baada ya jingine, sema mpangilio. Kwingine nyamaza.

Nani anapaswa kuamua?

Hili ndilo ninalotaka ubaki nalo. Wengi wetu, tukikosa maelekezo, tunaandika ORDER BY jina na kulala usingizi. Alfabeti inaonekana haina upendeleo. Muulize mtu ambaye jina lake linaanza na W, aliyeitwa wa mwisho tangu chekechea. Pesa zikiisha kabla ya orodha kuisha, alfabeti ni kanuni ya ugawaji kama kanuni nyingine yoyote, ila hakuna aliyeipitisha.

Wengine wameliona hili katika mambo mazito zaidi. Mwaka wa 1975, Mahakama ya Juu ya jimbo la California, katika kesi ya Gould v. Grubb, ilikataa utaratibu wa jiji la Santa Monica wa kuwaweka wanaoshikilia viti juu ya karatasi ya kura, kwa kuwa kukaa juu kuna faida. Hadi leo jimbo hilo huchezesha bahati nasibu ya herufi ili kupata alfabeti ya kupangia majina ya wagombea. Huo nao ni mpangilio, wa kubahatisha lakini wa makusudi, na unatangazwa mbele ya watu. Kubahatisha kwa makusudi ni haki. Kubahatisha kwa sababu mtengenezaji alisahau maneno mawili si haki, hata kama matokeo yangefanana.

Kwa hiyo, mtengenezaji mwenzangu, kabla hujaandika swali linalogawa kitu, muulize mwenye kazi maswali matatu. Nani atangulie? Wakifungana, tufanyeje? Wasio na taarifa tuwaweke wapi? Ukipata majibu yaandike katika msimbo, na maelezo mafupi juu yake yakisema ni nani aliyeamua na lini. Kisha leo hii, kabla hujafanya kingine, tafuta katika mradi wako kila LIMIT isiyo na ORDER BY. Bila shaka utapata chache. Kila moja ni mahali ambapo mtu anachaguliwa na hakuna anayejua kwa nini.

Nawe uliye upande wa pili wa dirisha, ukiambiwa ni mfumo ndio umechagua, uliza umechagua kwa kanuni gani. Ofisi inayojua itakujibu kwa sentensi moja. Isiyoweza kujibu, huenda haina kanuni yoyote.